Taya la Fundi Nimekuelewa

Mtaa mzima ulimwita Nimekuelewa, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mteja hakuwahi kumaliza sentensi mbele ya fundi huyu wa cherehani. Ukianza, "Fundi, nataka sketi ambayo...", yeye keshadakia, "Nimekuelewa," na mkasi uko kitambaani. Nguo ikirudishwa, alikuambia hujui unachotaka. Kusema kweli, mkono wake ulikuwa wa dhahabu. Sikio ndilo lililokuwa bovu.

Siku moja alipanda kwenye stuli kutundika kibao cha duka, akateleza, taya likavunjika. Hospitali wakamfunga meno ya juu na ya chini kwa waya. Wiki sita bila kufungua mdomo, chakula ni supu na maziwa kwa mrija. Majirani wakasema Mungu si Athumani.

Yeye hakucheka. Maneno yalimjaa, yakakosa pa kutokea. Muuguzi mmoja alipokuja kushonesha sare, fundi alikaa amebanwa, jasho linamtoka, mpaka yule mama akafika mwisho: mikono iwe mipana, kwa kuwa yeye hunyanyua wagonjwa. Fundi akaliandika hilo, akamwonyesha, mama akakubali. Sare haikurudi. Aibu kidogo ikamwingia fundi, maana miaka yote hakujua kwamba jambo lenyewe watu huliweka mwishoni.

Wiki ya tatu mke wake alikuja dukani mchana, akafunga mlango, akaketi mbele ya cherehani.

"Mume wangu, leo nitasema mpaka nimalize. Unakumbuka mama alipougua? Nilikwambia, 'Mama anaumwa sana, nataka...' Ukasema umenielewa. Ukamshonea gauni zito la baridi, ukalituma kwa basi."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Kwa miaka minne alikuwa akiwasimulia wateja habari za gauni hilo, wajue alivyompenda mama mkwe.

"Mimi nilitaka kwenda kumwona. Kesho yake nikajaribu tena, ukaniambia gauni liko njiani, nitulie. Mama alifariki Alhamisi. Gauni lilifika Ijumaa."

Fundi alishika kalamu. Alitaka kuandika, mbona hukuniambia? Lakini aliambiwa, tena mara mbili. Pa kukimbilia hapakuwepo. Akalia pale pale, machozi yakipita juu ya taya lililovimba, na mke akatoka bila kumwangalia.

Tangu siku hiyo nyumba ilimbana kuliko waya. Mke alileta supu, akaiweka, akaondoka. Fundi aliogopa kitu kimoja tu: kwamba mkewe ameshatema nyongo yote, na hatamwambia tena neno la moyoni maisha yake yote. Basi akatunga msamaha mrefu wenye sababu zote, akaukariri kila asubuhi mbele ya kioo, meno yamefungwa.

Siku ya kukatwa waya mke alimsindikiza. Fundi alipotoka kwa daktari, alimkuta kwenye benchi la korido, akaketi kando yake. Taya lilikuwa zito, lakini lilifunguka.

"Mke wangu, mimi siku ile..."

"Ngoja," alisema mke. "Sijamaliza. Dada yangu aliyemuuguza aliniambia kila mlango ulipofunguliwa, mama aliuliza kama ni mimi."

Fundi akafumba mdomo, akamsogelea, akasubiri linalofuata.