Nilivyomficha daktari ugonjwa wa ngozi kwa usafi wangu mwenyewe

Wakuu, pokeeni heshima zangu. Haya yalinipata mimi binafsi, na mke wangu ameketi hapa kando ya kompyuta kunisahihisha nikiongeza chumvi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nikiwa nimetoka tu kustaafu utumishi wa serikali, viwiko na magoti yangu yalitoka mabaka mekundu yenye magamba meupe. Kisha mikono. Nikiinuka kwenye kiti, kinabaki kama kimenyunyiziwa unga.

Mimi ni mzee wa kanisa huku mtaani Woodley. Kazi yangu ilikuwa kupitisha mkate wa Meza ya Bwana, na hakuna kazi niliyoipenda zaidi.

Siku moja mwenyekiti wa wazee akaniita kando. "Mzee Mutiso, hebu pumzika kidogo. Watu wanaogopa hiyo choa yako."

Choa, ugonjwa wanaosema ni wa wachafu. Mimi ninayepiga pasi hata soksi.

Nilikwenda kwa madaktari watatu, mmoja Kangemi na wawili mjini. Karatasi zao ninazo, zimepangwa kwa tarehe. Wawili waliandika choa, mmoja ukavu wa ngozi. Dawa zao hazikusaidia.

Sasa niwaeleze kosa langu. Nililelewa nikiambiwa kwamba mtu haendi mbele ya daktari akiwa hovyo. Kila asubuhi ya kliniki nilijisugua kwa jiwe la miguu hadi magamba yote yakaisha, nikapaka mafuta ya mgando, nikavaa suti.

"Baba Mwende," mke wangu aliniuliza, "unaenda kutibiwa ama kuposa?"

Daktari wa nne alikuwa bingwa wa ngozi, binti wa rika la mwanangu, katikati ya mji. Alikitazama kiwiko changu kinachong'aa.

"Mzee, hapa umesugua na nini?"

Nilimweleza utaratibu wangu wote, kwa fahari. Akacheka hadi akavua miwani.

"Umenifutia ushahidi. Rudi baada ya wiki mbili. Usisugue, usipake kitu. Niletee magamba yako yote."

Wakuu, sijawahi kupewa agizo gumu kama lile. Mke wangu alinifuata na ufagio nyumba nzima.

Niliporudi, hakumaliza dakika mbili. Alikagua viwiko, kichwa, na kucha zangu zenye vishimo vidogo.

"Hii ni soriasis. Si choa, si uchafu, na haiambukizi. Kinga ya mwili wako inaharakisha ngozi kuota. Haiishi kabisa, lakini hutulia. Na hilo jiwe lako linaichokoza, litupe."

Alinipa krimu ya kutumia kwa muda maalumu tu, marhamu ya lami inayonuka kama barabara mpya, na jua la asubuhi kwa kiasi. Nikawa ninaketi nyuma ya nyumba kwa kaptura, na majirani wakadhani kustaafu kumenipanda kichwani.

Mabaka yalianza kufifia, ila sikungoja yaishe. Nilimwomba daktari barua, nikaisoma mbele ya wazee wote, nikataka iingizwe katika kumbukumbu za kikao.

"Si ungetuambia mapema, Mzee," mwenyekiti akasema.

"Hamkuniuliza. Mliniondoa."

Lakini Jumapili ya Meza ya Bwana iliyofuata nilisimama na sahani, mabaka yakionekana, na mkono wa kwanza kuchukua mkate ulikuwa wa mwenyekiti.

Funzo langu: nendeni kwa daktari jinsi mlivyo, na kiwiko kikavu.

Wenye soriasis humu, ninyi mliondolewa wapi, na mlirudije? Andikeni, nitasoma yote.