Kila Mtu Aje na Sahani Yake

Donat alikuwa fundi wa breki kwenye karakana ya reli. Kwa miaka ishirini na saba alitembea kando ya mabehewa akiwa na nyundo ya mpini mrefu, akagonga gurudumu moja baada ya jingine na kusikiliza. Gurudumu zima hulia vizuri. Lenye ufa hujibu kwa sauti butu, na behewa hilo haliondoki. Baba yake alitoka Kabalo kuja kufanya kazi hiyo hiyo Lubumbashi, na kabla yake babu yake alibeba mataruma ya reli mabegani. Mtu wa ukoo kama huo hasemi sana. Amezoea kungoja chuma kiseme kwanza.

Nilimfahamu kupitia mjomba wangu Symphorien, mwalimu wa shule ya msingi, rafiki yake tangu walipokuwa wakitumikia misa pamoja. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa. Nilikuwa nimerudi kuishi kwa mjomba, sina kazi nyingine ila kusoma magazeti ya juma lililopita na kukasirika.

Wakati mishahara ilipokuwa bado inatoka, kila Jumamosi ya kwanza baada ya malipo wawili hao walikwenda kula mchana kwa Hasmukh, Mhindi aliyekuwa na mgahawa mdogo ukingoni mwa mtaa wa Kenya, pale ambapo lami inakwisha. Jina lake lilitushinda. Sote tulimwita Papa Asimuku. Alizaliwa Kolwezi na alisema Kiswahili chetu vizuri kuliko mapadre wetu. Dini yake haikumruhusu kula nyama, wala yai. Hata hivyo, mbuzi wa mgahawa wake alikuwa na sifa katika mtaa mzima. Aliyempika ni Chileshe, mwanamke mrefu kutoka upande wa Kasenga, na kwa kuwa bosi hakuweza kuonja, bakuli la kwanza lilipelekwa kwa Donat.

“Papa Donat, sema.”

Donat alitafuna taratibu, macho yakitazama dari, kana kwamba anasikiliza gurudumu. “Chumvi inakosa kidogo,” alisema, na sufuria ikarudi jikoni. Akisema, “Iko bien,” basi watu wote waliandaliwa.

“Asimuku iko na ulimi yake,” mjomba alipenda kusema, “lakini anaiwekaka mu kinywa ya Donat.”

Wali Donat hakuutaka. Alisema ni chakula cha wagonjwa. Chileshe alimsongea bukari, ugali wa kwetu, uani, na bukari hiyo ilikuja mezani ikiwa imekaa katikati ya sahani za Kihindi: za chuma kinachong'aa, za duara, zenye vyumba vidogo vya mchuzi, vya dengu na vya pilipili. Chini ya kila sahani palikuwa na maandishi yaliyochongwa kwa ncha ya msumari, ya herufi ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma ila mwenyewe. Sisi tulidhani ni alama ya kiwanda.

Ikafika Oktoba ya 1991, mji mzima ukaporwa. Watu wengi siku hizi hupenda kusema kwamba waliopora ni wanajeshi. Nilikuwapo, nami nasema: wanajeshi walivunja milango, halafu tukaingia sisi. Nilimwona mwalimu wangu wa hisabati akisukuma friji kwenye toroli. Niliona bidet, beseni la kunawia la chooni kwa matajiri, ikibebwa kichwani na mama mmoja ambaye hakuwa na bomba la maji nyumbani. Waliotufikisha hapo walikuwa wamekaa mbali, kwenye nyumba zenye jenereta, na hasira yangu juu yao haijapoa hata leo. Lakini si wao waliobeba ile bidet.

Aliyoyafanya Donat siku hiyo aliyasimulia mwenyewe baadaye. Nayaweka hapa kwa kuwa ndipo mahali pake. Alikuwa anatoka karakana kwa miguu. Mishahara ilikuwa haijatoka kwa miezi minne. Alipofika kwa Asimuku alikuta mlango umeshang'olewa pamoja na fremu yake. Aliingia ili kumtafuta mwenye nyumba. Alimwita kwa jina mara mbili. Mwanamke mmoja alikuwa anang'oa pazia. Mwanamume aliyepanda juu ya kaunta alikuwa anateremsha vitu kama mtu anayeshusha mizigo kwenye lori, na alimpa Donat rundo la sahani.

“Papa, kamata! Usisimame bure!”

Akakamata. Zilikuwa kumi na mbili. Alizificha chini ya koti la kazi, akatembea nazo hadi nyumbani, na njia nzima, alisema, hakuna hatua ambayo hangeweza kuziweka chini.

Mkewe Victorine alipouliza, alijibu: “Asimuku amenipa nimutunzie.”

Victorine alizifunga katika kitambaa cha harusi yake, akaziweka chini ya kabati, na hakumwambia hata jirani, kwa sababu kitu cha kutunziwa hakitangazwi.

Asimuku alikimbilia Ndola, ng'ambo ya mpaka, pamoja na mke wake na mtoto wao. Hatukutegemea kumwona tena. Januari akarudi peke yake, akamtafuta Chileshe, akagonga mbao kuwa meza tatu, na mlangoni, ambapo sasa palikuwa na gunia tu, akabandika karatasi: MBUZI IKO. KILA MUTU AKUYE NA SAHANI YAKE.

Watu wakaja. Walibeba sahani za bati, vifuniko vya sufuria, mabakuli ya plastiki ya watoto. Mjomba alimwita Donat. Jumamosi ya kwanza Donat alisema tumbo linamuuma. Ya pili, kwamba kuna mazoezi ya kwaya. Ya tatu hakutoa sababu yoyote. Ya nne mjomba alivaa viatu akaniambia: “Tuende tumutoe.”

Tulimkuta Victorine mlangoni akichambua maharagwe.

“Mama Victorine, Donat iko?”

“Iko. Anajificha mu chumba sawa bibi arusi.”

“Donat! Toka, mon vieux! Mbuzi anakuita!”

Donat akatoka. Alikuwa amekonda, na koti lile lile la kazi lilimning'inia mabegani. “Miye nimechoka, Symphorien,” alisema.

“Kuchoka na kula vinapishana wapi? Hata mimi nafundisha batoto mia moja bila chaki. Tuende.”

Victorine aliposikia jina la Asimuku, aliangusha maharagwe. “Kumbe Asimuku amerudi? Tangu siku gani? Donat, na wewe unanyamaza, bintu ya bantu iko mu nyumba yangu?” Akaingia ndani, akarudi na sahani mbili zinazong'aa kuliko siku zilipotengenezwa. “Chukueni hizi mbili mukulie leo. Zingine nitamupelekea miye mwenyewe kesho kisha misa. Mwambie sikuzilia hata siku moya.”

Mjomba alizitazama sahani, akamtazama rafiki yake. “Ulimutunzia! Na miezi yote hii haukusema!”

Donat angeweza kusema hapo, mbele ya mkewe. Hakusema. Alizipokea.

Njia nzima mjomba alimsifu, nami nikamzidi mjomba. Nilimwambia Donat kwamba kama kila avenue ingekuwa na watu watatu kama yeye, nchi ingepona. Nilisema hivyo kwa sauti, wapita njia wakageuka.

“Nyamaza kidogo, mutoto,” alisema Donat. Nikadhani ni unyenyekevu.

Mgahawa ulikuwa umejaa. Mjomba na mimi tulikuwa na sahani zetu za bati. Zile za Donat zilibaki ndani ya kitambaa cha jikoni alichozifungia Victorine, juu ya magoti yake. Nilitazama huku na huku, na meza ya pili nikaona mwanamume mwenye kofia akiguguna mfupa juu ya sahani ya chuma, ya duara, yenye vyumba. Asimuku alipita, akamwongezea mchuzi, akaendelea.

Sikuweza kuvumilia. Nilisimama.

“Papa Asimuku! Ile sahani ni yako! Huyu muntu amekuja kula mu sahani aliyoiiba kwako, na unamupa mchuzi?”

 Yule wa kofia aliendelea na mfupa wake.

“Niliinunua ku soko,” alisema bila kuinua macho.

“Mwizi!”

“Kaa chini, petit,” alisema Asimuku. Alikuwa amezeeka, mashavu yalikuwa yameshuka. “Naona. Kila Jumamosi naona. Moya ananiletea sahani, mwingine ananiletea kijiko. Nikifukuza bote, nitapikia nani?”

“Lakini iko moya hakuiba!” Mjomba alishika kitambaa magotini pa Donat, akakifungua mezani kabla mwenzake hajanyoosha mkono. “Tazama! Donat alikutunzia!”

Asimuku akaja. Akashika sahani ya juu, akaigeuza, akapitisha kidole juu ya yale maandishi. Midomo yake ilisogea.

“Imeandikwa Shantaben,” alisema. “Ni mama yangu. Hii alikuja nayo yeye mwenyewe, mu sanduku, siku ya ndoa yake.” Akaishika ile ya pili, akasoma tena. Kisha akakaa kwenye benchi karibu na Donat, akamshika mkono.

“Bibi yangu, kule Ndola, anasema tusirudie huku tena. Nilimuambia: mu Lubumbashi muzima, kutakosa hata muntu moya? Akasema, utakosa. Tulibishana mupaka mutoto akalia.” Akacheka kidogo, akipangusa macho. “Leo namuandikia. Namuandikia jina yako, Papa Donat.”

Mjomba alikuwa anatabasamu hadi masikioni. Mimi pia. Nilimgeukia hata yule wa kofia, ili aone mtu mwaminifu anavyoonekana.

“Usimuandikie,” alisema Donat.

“Kwa nini?”

“Sikukutunzia. Nilibeba sawa bote.” Alisema polepole, na ndipo tuliposikia habari ya koti, ya kaunta, ya njia nzima hadi nyumbani. “Zingine kumi ziko kwangu. Victorine hajui. Nilimudanganya.”

 Jikoni Chileshe aliacha kusonga.

“Na kwa nini unaniambia?” Asimuku aliuliza.

“Juu ungemuandikia bibi yako jina yangu.”

Asimuku aliuachia mkono wake. Nilikuwa nikitazamia apige kelele, au amsamehe. Nilikuwa na maneno tayari kwa yote mawili. Alitazama tu ile sahani ya mama yake.

“Ungeniachilia hii furaha hata siku moya,” alisema. “Ungesema kesho.”

Akainuka na sahani zake mbili, akapita kwenye gunia la mlango wa jikoni, asirudi.

Chileshe ndiye aliyetuletea chakula. Hakuuliza kama chumvi imetosha. Aliweka bukari na bakuli la mbuzi, akaondoka. Mjomba alikula peke yake, haraka, kwa hasira, bila kumtazama mtu. Donat alikaa mbele ya mbao tupu, kwa kuwa sahani hakuwa nayo tena. Yule wa kofia alimaliza, akaifuta sahani yake kwa kipande cha bukari hadi ikang'aa, akaitia ndani ya koti, akatuaga kwa adabu na kwenda zake.

Mjomba alipoona kwamba amekula nusu, aliisukuma sahani yake katikati.

“Kula, mupumbavu,” alisema.

“Sina njaa.”

“Uongo mwingine huo. Kula.”

Donat akanyoosha mkono. Walikula wote wawili kutoka sahani moja kama watoto.

Jumapili mjomba alinituma kwa Donat nikasaidie kubeba. Nilikuta Victorine ameshaambiwa. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, macho mekundu, na zile kumi zimefungwa tayari kwenye kitambaa. Nilinyoosha mikono akanikatalia. Aliziweka kichwani mwenyewe. Alitembea mbele, Donat alifuata hatua kama ishirini nyuma, nami katikati, sijui nimsindikize nani.

Asimuku alikuwa anafagia. Victorine aliteremsha mzigo kwenye meza ya mbao, akakifungua kitambaa, akarudi nyuma.

“Papa Asimuku, ule bwana yangu aliiba. Ameniambia asubuhi hii, na mambo yake tutaimaliza mu nyumba.” Akazionyesha sahani kwa kidole. “Lakini miye, niliambiwa ni bintu yako, nikakutunzia. Batoto balikulia mu bakuli ya plastiki, hizi zikakaa. Mwezi wa kumi na mbili tuliuza redio, tukauza kitanda ya wageni, hizi zikakaa. Kama unamuandikia bibi yako, andika jina yangu. Victorine.”

Asimuku aliegemeza ufagio ukutani. Aligeuza sahani moja baada ya nyingine, akisoma kila moja chini, kumi zote, wala hakuharakisha. Kisha akavuta benchi.

“Kaa, Mama,” alisema. “Chileshe! Leta chai.”

Victorine alikaa. Chai ililetwa katika kikombe kilichovunjika kishikio. Aliinywa yote, mgongo umenyooka, na hakuna kati yao aliyetazama nje, ambako Donat alikuwa amesimama juani kando ya barabara, kofia mkononi, mahali ambapo lami inakwisha.

Tulipotoka Asimuku alitufuata hadi kwenye gunia. Akamtazama Donat kwa muda mrefu.

“Jumamosi,” alisema hatimaye, “Chileshe anapika mbuzi.”

 Akaingia ndani, tukasikia ufagio umeanza tena. Donat akavaa kofia yake. Mkewe alikuwa ameshaondoka, kitambaa cha harusi kikiwa kimekunjwa kwapani, na hakumngoja. Donat akaanza kumfuata, mwendo wake ule ule wa kando ya mabehewa, isipokuwa siku hiyo hakuwa na nyundo.