Viazi vya Mwalimu wa Fizikia

Mwalimu wa fizikia niliyefanya naye kazi katika kambi ya wakimbizi ya Benaco amezikwa juma lililopita kwao Nyakisasa, kwenye shamba la migomba la baba yake. Aliyeniletea habari alisema mzee alifia usingizini, baada ya kula vizuri na kugombana na jirani kuhusu mbuzi. Nilihuzunika, kisha nikacheka. Ndivyo alivyokuwa.

Kambi ilipofurika wakimbizi kutoka Rwanda na kipindupindu kikaingia, alikuja kusaidia kwenye hema la wagonjwa. Mimi nilikuwa mkalimani, maana Kihangaza changu kilisikilizana na Kinyarwanda cha wageni wetu. Asubuhi moja tulimkuta mama akikoroga pakiti nzima ya dawa ya chumvi na sukari ndani ya kikombe kimoja, badala ya lita ya maji. Mwanawe alikuwa mkekani, macho yamezama. Nesi akamkemea. Mama akamfunika mtoto kwa kitenge, akakataa asiguswe. "Dawa nyepesi imemponya nani?" alisema. "Dawa ni ukali!"

Mwalimu hakubishana. Alichuchumaa, akakata kiazi vipande vyembamba kama karatasi, akatia kimoja katika kikombe cha mama na kingine katika dawa iliyochanganywa sawasawa.

"Mwalimu, chakula kitaiva saa ngapi?" wanawake waliokuwa hemani wakamtania.

"Kikiiva mtaniosheria vyombo," akajibu.

Nesi hakucheka, alikuwa akitazama saa, na mtoto. Hatimaye mwalimu akavitoa vipande. Kimoja kilikuwa kigumu bado. Kile cha kikombe cha mama kilining'inia kama kitambaa. Akakiweka kiganjani mwa mama.

"Mwili wa mwanao ni vijumba vidogo vya maji, kama kiazi hiki," alisema, nami nikafasiri. "Maji hupenya kuta zake yakikimbilia penye chumvi nyingi. Hiki kikombe kitayavuta nje hata yale machache yaliyobaki."

Mama alikiminya kile kipande. Kisha akamwaga kikombe, akapokea dawa ya nesi, akaanza kumnywesha mtoto kijiko kwa kijiko.

Shuleni tulifundishwa fizikia asubuhi na baiolojia mchana, kana kwamba damu nayo hufuata ratiba. Mwalimu huyu alinionyesha kwamba kanuni ile ile inayolegeza kiazi ndiyo inayomshikilia mtoto duniani.

Siku ya tatu mtoto alilia akitaka uji. Mama yake alikuwa mlangoni mwa hema na kisu na kiazi, akiwafundisha wakimbizi waliofika jana yake. Kwa mazoea nilisogea ili nifasiri; mwalimu akanishika mkono kunizuia. Hapo ndipo nilipojua elimu imefika: pale ambapo hakuna tena anayetuhitaji.