Recho na Siku Tano za Ryoba

Recho Wambura ana duka la steshenari Musoma mjini, hatua chache kutoka mahakamani. Kwa miaka kumi na moja amechapa viapo, maombi na barua za watu wenye shida, vidole vikienda vyenyewe huku akili ikiwaza mboga ya jioni. Katiba ya nchi ameitoa kopi mara nyingi kwa ajili ya wanafunzi. Hakuwahi kuisoma, mpaka Jumatatu ile mama yake alipompigia simu kutoka Nyabirongo, kijiji chao cha ufukweni huko Bunda.

"Ryoba wamemfungia ofisi ya kata," mama alisema. "Tangu Ijumaa."

Ryoba ni mdogo wake Recho, mfugaji na mvuvi. Siku ya mkutano wa kijiji alisimama akauliza ni kikao gani kiliamua kufunga njia ya ng'ombe kwenda ziwani, ili tajiri mmoja ajenge nyumba ya wageni. Mtendaji wa kata, jina lake Onesmo, aliwaambia mgambo wamkamate mchochezi.

Recho alifunga duka akapanda basi. Alimkuta mdogo wake kwenye chumba kisicho na dirisha, midomo imekauka, shati lilelile la mkutanoni. Ndoo ya haja ilikuwa pembeni, imejaa. Akaingia kwa mtendaji bila kubisha hodi.

"Kosa lake nini?"

"Uchochezi."

"Mbona hamjampeleka mahakamani?"

Onesmo aliendelea kuandika. "Mama, hapa kata nzima mimi ndiyo serikali. Nikiona ametulia, nitamtoa."

"Na usipoona?"

"Atakaa."

Recho alirudi Musoma. Hakulia, alikuwa na hasira kuliko kilio. Kesho yake asubuhi alimsubiri dukani wakili Mseti, mteja wake wa siku nyingi, akamweleza yote. Mseti alimwambia achukue katiba palepale kwenye rafu, afungue ibara ya kumi na tano.

Akasoma amesimama. Kwamba kila mtu ana haki ya kuishi huru, na hakuna wa kumkamata wala kumfunga mtu ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Akarudi nyuma hadi ibara ya nane, akakuta serikali inapata madaraka yake kwa wananchi. Akaisoma mara tatu.

"Kumbe imeandikwa!" alifoka, kama vile Mseti ndiye aliyeificha. "Miaka yote nauza kopi za hiki kitu, na yule ananiambia yeye ndiyo serikali?"

"Serikali ina mipaka," Mseti alisema. "Mtendaji anatekeleza. Kuamua nani akae ndani ni kazi ya mahakama. Katiba imewatenganisha makusudi, mtu mmoja asishike vyote."

"Basi tuchape maombi."

Mchana huo waliwasilisha maombi Mahakama Kuu, kwamba Ryoba aletwe mbele ya jaji na aliyemfunga aeleze sababu. Wito ulipelekwa Nyabirongo Jumatano asubuhi. Saa moja baadaye mgambo walimfungulia Ryoba mlango wa nyuma, wakamwambia aende nyumbani. Siku tano zikaisha hivyo, bila karatasi hata moja.

Mbele ya jaji, upande wa kata ukasema hakuna mtu aliyefungwa. Kweli, siku hiyo hakuwepo tena ndani. Maombi yakafungwa.

Recho alitaka washtaki upya, safari hii kwa kuvunjiwa haki. Ryoba akakataa.

"Dada, yaishe. Mimi naishi kule, wewe unaishi mjini. Watanitafutia lingine."

"Hujasamehewa kosa, Ryoba! Hukuwa na kosa!"

"Yule hachelewagi kulipiza. Nimesema yaishe."

Walitukanana vibaya siku ile, mpaka majirani wa duka wakatoka nje. Wiki tatu hawakupigiana simu. Recho alimkasirikia mdogo wake karibu kama alivyomkasirikia Onesmo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kisha Onesmo akamfungia Jeska, mama muuza nyanya aliyegoma kuhamisha genge lake. Alilala chumba kilekile na mtoto wa miezi minne mgongoni. Mtoto alitoka na homa. Asubuhi iliyofuata Ryoba alisimama mlangoni kwa dada yake, macho mekundu.

"Ningesema mapema, yule mtoto asingelala mle," alisema. "Chapa. Nitasaini."

Kesi ilichukua miezi saba. Siku ya ushahidi Onesmo alivaa suti, akasema alikuwa analinda amani. Mseti akamuuliza, "Ulitumia sheria gani kumweka ndani siku tano?"

"Nilitumia mamlaka yangu."

"Mamlaka hayo yameandikwa wapi?"

"Huwa tunafanyaga hivyo," alisema.

Watu waliguna. Jaji akaliandika jibu hilo.

Hukumu ilisomwa mwezi uliofuata: kumfungia Ryoba kulikiuka katiba, na hakuna kiongozi, mkubwa au mdogo, mwenye amri juu ya uhuru wa mtu isipokuwa sheria imempa. Ryoba alifunika uso kwa mikono. Mama yao alimshika Recho kiuno, akawa anamuuliza binti yake jaji kasema nini, arudie.

Kwenye baraza la mahakama Onesmo aliwafuata, akanyoosha mkono. "Yalikuwa ya kikazi tu, dada."

"Kazi ya nani?" Recho alimuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka getini. "Mimi na mama yangu ndio tuliokuajiri. Hatukukutuma hiyo."

Hakuupokea mkono.

Njia ya ng'ombe ilifunguliwa baada ya wanakijiji kukaa mkutano wao na kupiga kura. Onesmo hakufukuzwa, alihamishiwa kata ya jirani kwa cheo kilekile. Recho aliposikia, alitoa kopi mia mbili za ile hukumu, akazifunga kwenye mfuko wa unga. Jumapili alfajiri akapanda basi la kwenda huko, akasimama nje ya kanisa na kuanza kugawa misa ilipoisha.

"Someni," aliwaambia. "Msisubiri afungiwe mtoto wenu."

Mpaka sasa ukimtajia jina la Onesmo, anaacha kuchapa kwa hasira.