Nusu Saa ya Lori la Jineri

Sisi tuliokula chumvi nyingi, tuliozaliwa bendera ya Mwingereza ikiwa bado inapepea Mwanza, tunajua kwamba gari la zamani halikuondoka hivi hivi. Vijana wa leo wanaingia, wanabonyeza kitufe, na kabla mlango haujafungwa vizuri wameshashika barabara ya Musoma. Thubutu! Enzi zile gari liliamshwa kama mgonjwa. Lilipigwa hendeli kwa mbele, kile chuma cha kuzungushia injini, likakohoa, likazima, likapigwa tena mpaka mtu anatoka jasho, na likishakubali kunguruma, hapo ndipo kungoja kulipoanza.

Nayasema haya kwa sababu nilikulia ubavuni mwa lori. Baba yangu, Masanja, alikuwa dereva wa jineri, kiwanda cha kuchambua pamba upande wa Kisesa, na lori la kiwanda lililala mbele ya nyumba yetu. Kila asubuhi watoto wote wa pale tulilikimbilia hata uso hatujanawa. Tulibandika viganja kwenye boneti tusikie joto linavyopanda kidogo kidogo. Ile harufu ya petroli na moshi na vumbi la pamba, mpaka leo nikiinusa nasikia njaa, maana saa hiyo ndipo mama alipokuwa anaepua matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha, tukavila na karanga huku tunakimbia shule. Maili tatu, pekupeku, na ukichelewa mwalimu yuko mlangoni na fimbo ya mkwaju. Leo mtoto anafuatwa nyumbani na basi la njano, na jioni analalamika amechoka. Amechoka na nini?

Kungoja kwa baba kulikuwa nusu saa kamili. Amri ilitoka kwa Bwana, meneja wa jineri, Mzungu mrefu mwenye mashavu mekundu. Kwao, alisema, kuna miezi maji yanaganda ndani ya ndoo, na mtu akiondoa gari na injini ya baridi anaiua. Akampa baba saa ya mfukoni, akamwambia, "Nusu saa, Masanja. Siku utakayoondoka kabla, ndiyo siku yako ya mwisho kazini." Sasa niambieni, Kisesa barafu iko wapi? Huku kwetu jua likichomoza tu mbuzi wanatafuta kivuli. Lakini baba alilishika neno lile kuliko alivyoshika sala. Alisimama kando ya lori, saa mkononi, kifua mbele, na wapita njia wakimtazama kwa heshima. Mama akinung'unika, jibu lilikuwa moja, "Haraka haraka haina baraka." Na mama hakukosa la kwake, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, Baba Kabula." Tulicheka sana. Kabula ni mimi.

Mwaka niliofanya mtihani wa darasa la nne, wasichana tulikuwa watatu tu darasani. Sitajifanya malaika, rede nilicheza na mdako nilicheza mpaka kucha zikakatika, lakini hesabu nilizipenda kama wengine wanavyopenda sukari guru. Nikafaulu, peke yangu kati ya sisi watatu. Mwalimu akaja nyumbani kwa baiskeli na barua mfukoni, na mama akamwamkia kwa magoti ingawa kwa umri angeweza kumzaa. Nilikuwa nimepata nafasi ya darasa la tano, shule ya bweni ya wasichana, ng'ambo ya ziwa upande wa Bukoba. Masista wangetupokea bandarini Mwanza siku ya Jumatatu, na meli ingeng'oa nanga saa mbili asubuhi. Mstari wa mwisho mwalimu aliusoma mara mbili. Asiyefika, nafasi yake atapewa mwingine.

Baba alifurahi, sitamdhulumu. Alichinja jogoo. Alininunulia sanduku la bati na jina langu akaliandika mwenyewe kwa rangi nyeupe, herufi moja kubwa moja ndogo. Akaomba ruhusa anibebe pamoja na marobota ya pamba, akapewa.

Kuamkia Jumatatu hiyo mvua ilinyesha, na asubuhi lori likagoma. Baba akapiga hendeli, jirani akampokea, baba akapiga tena, mpaka saa kumi na mbili na nusu ndipo likanguruma. Mama na mimi tulikuwa tumeshapanda mbele, sanduku liko mapajani kwangu. Kufika mjini siku kavu ilikuwa saa nzima. Siku ya matope, Mungu ndiye aliyejua.

"Twende," mama akasema.

Baba akatoa saa yake mfukoni.

"Baba Kabula, leo twende tu. Bwana mwenyewe yuko Tabora. Nani atakuona?"

"Nusu saa."

"Mtoto atakosa meli!"

"Injini ikifia njiani ndiyo ataikosa kabisa, na mimi nitakosa kazi. Tulia, Mama Kabula. Tutawahi. Haraka haraka haina baraka."

Siku hiyo mama hakumrudishia methali. Alilia, kimya kimya, khanga mdomoni. Mimi nilimtazama baba kupitia kioo, amesimama wima kwenye matope na saa yake, nikajiambia baba anajua magari, baba hawezi kunikosesha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilimwamini.

Tulipoingia bandarini meli ilikuwa imeshaacha gati. Na haikuwa mbali, laiti ingekuwa mbali! Niliwaona wasichana wamejipanga nyuma, wamevaa magauni mapya, wanawapungia wazazi wao. Niliweza hata kuwahesabu. Baba akapiga honi. Akapiga tena, akaishikilia, eti meli nzima isimame kwa ajili ya lori la pamba. Makuli wakaangua kicheko. Nikashuka na sanduku langu nikasimama pale mpaka mama aliponishika mkono.

Mwalimu aliandika barua, maskini, tena kwa mwandiko mzuri. Jibu likaja kwamba nafasi imejazwa. Basi nikabaki nyumbani nikilima pamba, ile ile ambayo baba aliibeba, na nilipofika miaka kumi na sita nikaolewa Usagara. Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Lakini kila nilipoona mwanamke anasoma gazeti bila kufuata mistari kwa kidole, nilisimama nikamtazama mpaka alikunje. Baba hakuniomba radhi hata siku moja, na mimi sikumwambia neno.

Uhuru ukaja. Tuliimba, tulicheza ngoma mpaka miguu ikavimba, na miezi michache baadaye Bwana akafungasha arudi kwao. Siku hiyo nilikuwa nimekuja kumsalimia mama, mtoto mgongoni. Gari lake dogo Bwana alikuwa ameshaliuza, kwa hiyo masanduku yake yalipakiwa kwenye lori. Baba akapiga hendeli, lori likawaka, akatoa saa yake akaanza kungoja kama kawaida. Bwana akatoka na mfuko wa mwisho, akatazama saa ya mkononi. "Masanja, tunachelewa meli. Panda nyuma." Akakaa kwenye usukani yeye mwenyewe, akaliondoa. Dakika mbili hazijaisha! Baba ilibidi alikimbilie lori lake mwenyewe, arukie juu ya masanduku kama utingo.

Jioni baba alilirudisha, injini inanguruma vizuri, haina hata kikohozi.

"Ameiwahi?" mama akamwuliza.

"Ameiwahi."

Usiku huo nililala pale kwao.

Asubuhi nikasikia hendeli. Nikatoka nje. Lori linanguruma, Bwana hayupo, nchi ni yetu, na baba yangu amesimama pale pale na saa mkononi. Miaka sita nilikuwa nimenyamaza, lakini siku ile uzalendo ulinishinda.

"Baba, unamngoja nani?"

Hakunitazama. Aliendelea kukodolea saa macho.

"Nikiondoka sasa hivi, Kabula, itakuwa shule yako niliipoteza bure."

Mngetaka niseme nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilirudi ndani nikamnyonyesha mtoto, na hasira yangu ilizidi, maana sasa hata kumchukia vizuri sikuweza. Aliendelea na nusu saa yake mpaka alipostaafu, na sasa yuko kaburini miaka mingi.

Watu wa rika langu tukikutana tunasifia zamani. Zamani kulikuwa na utii, mtu akiambiwa jambo analifuata hata asipoonekana, siyo vijana hawa wasioweza kungoja hata chai ipoe. Naitikia, kwa sababu ni kweli tupu. Nilimuuliza fundi mmoja wa magari pale Igoma, kijana mpole, injini inatakiwa ingojwe muda gani. Akafuta mikono akasema, "Shikamoo bibi. Dakika moja inatosha. Hata hayo malori yenu, kwa joto la huku, dakika mbili tatu zilitosha sana." Nikamwambia marahaba, nikaenda zangu.

Wiki iliyopita mjukuu wangu wa kike alikuwa anakwenda kufanya mtihani wake wa mwisho wa chuo. Akawasha kigari chake hapa uani, akashusha kioo, na kwa adabu zake akaniuliza, "Bibi, ninyi wa zamani mnasema gari lipate moto kwanza. Nisubiri kidogo?"

Nilikipiga kile kigari kwa kiganja mpaka mkono ukaniuma. "Ondoka!" nikamwambia. "Ondoka sasa hivi!" Akacheka, akadhani bibi yake anamtania, akaondoka.