Wanataka Mama Akiri Laana kwa Sababu ya Meno

Admin, nifichie jina, maana huku Lushoto nikitaja tu mahali cherehani yangu ilipo watu watanijua. Nina miaka ishirini na tisa, ni fundi nguo, sijaolewa, na sijaja hapa kulia. Nimekuja nikiwa nimekasirika.

Ukoo wetu upande wa mama meno hayazeeki nasi. Bibi alikuwa kibogoyo akiwa bado ana nguvu za kulima mteremko mzima peke yake. Ya mama yalianza kung'oka nikiwa darasa la pili, miaka ile shamba la chai alilokuwa anachuma lilipouzwa kwa tajiri na vibarua wengi wakapunguzwa. Watu wakaunganisha: kazi imeondoka, meno yameondoka, basi ni laana. Wakasema bibi aliapa uongo kwenye kesi ya mpaka wa shamba, na kinywa kilichoapa ndicho kinacholipa. Mama namjua, hajawahi kulala bila kupiga mswaki. Lakini tangu hapo akicheka anavuta khanga mdomoni.

Miaka mitatu iliyopita na mimi fizi zikaanza kutoka damu, jino moja la chini likawa linacheza. Mficha uchi hazai, nikaenda hospitali. Daktari wa meno, dada mmoja mpole, hata sijamaliza kueleza akaniuliza, "Mama yako ana meno?" Nikasema hana. "Na bibi je?" Naye hakuwa nayo.

Akaniambia, "Bakteria wa kwenye ugaga, ule uchafu unaoganda kwenye meno, kila mtu anao. Ila kuna watu miili yao inapambana nao vibaya, mpaka inaharibu fizi na mfupa unaoshika jino. Hilo mtu anaweza kulirithi, kama unavyorithi kimo. Sisemi lazima yang'oke. Nasema wewe huna ruhusa ya kuzembea."

Akanikwangua ugaga mpaka chini ya fizi, machozi yakanitoka. Tangu siku hiyo narudi kila anaponiita, na lile jino bado ninalo. Nilipomweleza mama aliniuliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo bibi yako hakuapa uongo?" Nikamjibu, "Meno siyo ushahidi, mama." Akalia mpaka nikaogopa.

Mwaka jana nikapata mchumba, anasafirisha mboga kwenda Dar kwa fuso. Nilimweleza yote mapema, ya meno na ya laana. Akasema hayo si kitu.

Mwezi uliopita wakaja watu wa kwao kujitambulisha, wakiongozwa na shangazi yake. Wakaleta kikapu cha mapeasi, yale magumu yasiyoiva vizuri. Kabla ya mazungumzo shangazi akayagawa, akamwekea mama moja mkononi. "Karibu, mkwe wangu. Ng'ata, tuanze na utamu." Mama akalishika tu. "Mbona huli? Au ya kwetu hayakufai?" Wenzake wakatazama chini wakitabasamu. Nikaleta kisu, nikamkatia mama vipande vyembamba, halafu langu nikalitafuna zima nikimtazama shangazi usoni. Ukoo kuchunguzwa kabla ya ndoa ni mila, siikatai. Wangeniuliza ningejibu.

Jibu lao alilileta mchumba mwenyewe. Ndoa ipo, lakini kwanza lifanyike tambiko, na mama asimame mbele ya wazee wa pande zote mbili akiri kwamba mama yake aliapa uongo, ili laana isifike kwa watoto wetu.

"Mbuzi nitatoa mimi," akaniambia. "Ni maneno tu, mpenzi. Bibi mwenyewe alishakufa."

Nikamwambia watoto wetu wakirithi fizi zangu nitawapeleka kwa daktari wakiwa wadogo, siyo kwa mbuzi. Akasema najifanya msomi. Nikamwambia aende akatafute ukoo wenye meno.

Ndugu zangu, kwamba ni la ukoo nakubali. Limo kwenye damu yangu na nitalisema hata kanisani wakitaka. Ninachokataa ni marehemu kufanywa mwongo kwa ajili ya ugonjwa wa fizi. Bibi yangu alilea yatima wa watu kwa jembe lake, na leo hana wa kumsemea ila sisi.

Nikadhani yameisha. Kumbe mama amewapelekea ujumbe kimya kimya kwamba Jumamosi atakwenda kukiri. Nilipomuuliza akasema, "Mwanangu, umri unakwenda. Mama yangu angekuwa hai angenituma yeye mwenyewe. Maneno yatanipunguzia nini mimi?" Nimemwomba, nimemfokea, nimemnunia. Leo asubuhi nimemkuta anapiga pasi gauni lake la kanisani.

Kwa hiyo msihangaike kunishauri kuhusu mwanaume, huyo nimeshamalizana naye. Nishaurini kuhusu mama. Nifanye nini ili asiende kumsingizia mama yake mzazi, eti kwa ajili yangu?