Siku Mama Alipokubali Kulala Gesti

Barua iliyoanzisha yote ilifika Bariadi msimu wa kuuza pamba. Ilitoka Uingereza, kwa nesi mzee wa Kizungu aliyefanya kazi miaka mingi katika zahanati ya misheni karibu na kwetu. Ndiye aliyenipokea mimi nilipokuja duniani nikitanguliza miguu, jambo ambalo Mama alipenda kunikumbusha kila nilipokosea kitu. Sote tulimwita Bibi. Alipostaafu alirudi kwao, kwenye mji wa kale wenye kanisa kuu ambalo mnara wake, kwenye picha aliyotutumia, ulipanda mpaka ukaishiwa na karatasi.

Bibi aliandika kwamba mpwa wake atalipa tiketi ya ndege ili Mama aende kumwona, kwa kuwa miguu yake haimruhusu tena kusafiri. Ila sasa anaishi katika nyumba ya wazee, chumba kimoja, na mgeni haruhusiwi kulala humo. Mpwa naye anakaa mji mwingine. Ndani ya bahasha alikuwa ametia karatasi iliyochanwa kwenye kijitabu cha mji, yenye orodha ya nyumba tatu za kulala wageni za bei nafuu. Tiketi ilikuwa yao, malazi yetu.

Mama alitaka kwenda kuliko nilivyowahi kumwona akitaka kitu chochote. Haikuwa kwa ajili ya ndege, wala Ulaya. Siku Bibi alipoondoka, Mama alikuwa kijijini Migato kwenye msiba wa baba yake. Aliporudi alikuta nyumba ya nesi imefungwa, na kwa jirani ameachiwa sweta na kopo la sukari. Kwetu mgeni haondoki hivyo. Unamsindikiza, unambebea mzigo, mnasimama njiani mnamalizia maneno, na mara nyingi yeye naye anageuka kukusindikiza wewe kidogo, mpaka mtu wa tatu aje awaulize kama mmepotea. Mama alikuwa amezaa watoto sita mikononi mwa yule mwanamke, halafu akamwacha aende peke yake kama mpita njia. Miaka kumi na moja jambo hilo lilimkaa moyoni.

"Aliondoka bila kusindikizwa," alisema siku ile, barua ikiwa mapajani. "Nitakwenda."

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiingereza, kijana, na nilijiona najua kila kitu kilichoandikwa kwa lugha hiyo. Nikaichukua karatasi ya Bibi na kumtafsiria Mama kwa sauti ya darasani. Nikasema, hizi ni gesti tatu, tuchague moja.

Lazima nieleze jinsi neno hilo lilivyokuwa mjini kwetu miaka ile ya ruksa. Simiyu ilikuwa bado jina la mto tu, mkoa wetu ukiwa Shinyanga. Serikali ilipofungua milango, wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na magari yao, na fedha taslimu, na madereva wasio na wake karibu. Gesti zikaota nyuma ya stendi kama uyoga. Zilikuwa na taa nyekundu, mapazia ya maua, na wageni wa saa moja. Mama alikuwa mwenyekiti wa umoja wa wanawake kanisani. Muumini mwenzake, mjane kama yeye, alipofungua gesti ya vyumba vinane, Mama ndiye aliyewaongoza wanawake kwenda kumwambia aache biashara hiyo au aache umoja. Yule mama aliacha umoja. Walikuwa marafiki tangu usichana, na kwa miaka mitatu hawakusalimiana.

Kwa hiyo nilipotamka gesti, Mama aliweka barua chini.

Nikaona kosa langu na kukimbilia neno jingine. Nikasema kwa kweli ni hoteli. Mama akaniuliza hotelini watu wanalala wapi, juu ya meza? Alikuwa na haki, maana Bariadi nzima hoteli ilikuwa mahali pa chai na chapati. Nikajaribu nyumba ya wageni, akanikumbusha kwamba hayo ndiyo maneno yaliyopakwa rangi kwenye ukuta wa yule mama wa nyuma ya stendi. Hapo nikafanya upumbavu wa mwisho. Nikamsomea neno kwa neno tangazo lenyewe, kwamba wanatoa kitanda na kifungua kinywa.

"Wanaanza kutangaza kitanda," Mama alisema, "chakula baadaye. Na wewe ni mwalimu."

Wiki mbili jambo likalala hapo. Mama alikwenda shambani, akarudi, akapika, na hakutaja safari. Sweta la Bibi alilitoa sandukuni akalianika, halafu akalirudisha. Mimi nilikasirika, nasema kweli. Nilimkasirikia Mama kwa ukaidi wake, na neno lenyewe, na ile karatasi, na mwishowe nikajikasirikia mimi ambaye ningeweza tu kusema ni nyumba ya kanisa tukamaliza. Nilifikiria kudanganya. Kilichonizuia si uadilifu. Nilijua angeniagiza nimwandikie barua ya shukrani askofu wao.

Basi siku moja baada ya vipindi nilipita njia ya nyuma nikaenda kwa yule mama wa gesti. Nilimkuta kibarazani anachagua mchele. Nikamwambia shida yangu yote, nikitarajia anicheke, na kweli alicheka, mpaka akaweka ungo chini. Kisha akafuta macho akaniambia kwamba gesti ni kama mtu, huijui kwa jina. Kuna mambo manne ya kuuliza. Mlango una komeo kwa ndani? Shuka hubadilishwa kwa kila mgeni? Kuna kitabu cha wageni? Na la nne, ambalo alilirudia, mwenye nyumba mwenyewe analala humo humo? Akaniletea kitabu chake nikione: jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, sahihi. Alisema mtu wa nia mbaya hapendi kuandika jina lake, na ndiyo maana yeye humfukuza asiyeandika, ingawa hakuna aliyewahi kuja kumuuliza hilo.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama tuandike barua ya maswali tu, bila kuahidi chochote. Hakuuliza maswali nimeyatoa wapi. Aliyasikiliza manne yote, akaitikia kwa kichwa polepole, halafu akaongeza lake la tano. Kutoka mlango wa nyumba yenu hadi nyumba ya wazee ni mbali kiasi gani, kwa mtu mwenye miguu mibovu?

Nilimwambia hilo ni swali la ajabu, mgeni huuliza bei. Akasema bei andika wewe, mimi niandikie hilo.

Nikaandika barua tatu zinazofanana, kwa mwandiko wangu bora, na kuzituma posta. Tukangoja mpaka pamba ikaisha kuuzwa. Jibu la kwanza lilikuwa kadi yenye bei na nambari ya simu tu, ya nyumba iliyo ng'ambo ya mto, ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote. La pili halikuja kabisa. La tatu lilikuwa barua ya kurasa mbili, mwandiko wa mtu mzima aliyejifunza kuandika kwa kuchapwa.

Nilimsomea Mama jioni, jikoni, nikitafsiri mstari kwa mstari. Mwenye nyumba alisema komeo lipo, na la bafuni lipo pia. Shuka hubadilishwa, huzifua mwenyewe. Kitabu cha wageni kipo mezani mlangoni, ila hakuna anayeulizwa kabila. Yeye mwenyewe hulala chumba cha chini, na paka. Chumbani kuna birika la umeme. Kuhusu swali la mwisho, alisema hakutaka kukisia, kwa hiyo alitoka mlangoni pake akatembea polepole kama mtu mwenye miguu mibovu hadi nyumba ya wazee, akihesabu. Ni hatua mia nne na kumi na mbili. Katikati kuna benchi.

Mama aliniambia nirudie. Nikarudia.

"Alitoka nje akahesabu," alisema. "Kwa ajili ya mtu asiyemjua."

Kesho yake asubuhi na mapema, kabla sijaenda shuleni, nilimwona ametoka getini anatembea kwa hatua ndogo ndogo huku midomo ikimchezacheza. Nikamfuata kwa mbali. Alikuwa anataka kujua mia nne na kumi na mbili ni umbali gani. Alipita mashine ya kusaga, akapita mafundi baiskeli, akakata kona ya stendi, akiwapungia mkono waliomsalimu bila kuwajibu, asije akapoteza hesabu. Hatua zikamwishia mbele ya kibaraza cha gesti ya yule mama. Mimi sikupanga hilo, na Mama hakulipanga, mji wetu ulikuwa mdogo tu.

Yule mama alikuwa anafagia. Wakatazamana. Mama hakuwa na njia ya kujifanya anapita, maana alikuwa amesimama wima.

"Mwangaluka, mayu," Mama alisema hatimaye, salamu yetu ya asubuhi kwa mama.

Mwenzake aliitikia, akaendelea kufagia.  Lakini njiani kurudi, aliponikuta nyuma yake, Mama aliniuliza yale maswali manne nilipewa na nani, na nilipomjibu, alisema alikuwa ameshajua tangu swali la shuka.

Ile nyumba yenye benchi ilikuwa ghali kuliko ya ng'ambo ya mto, na kwa siku tisa za kukaa huko, tofauti ilitosha kununua maksai. Nikamshauri achukue ya rahisi, apande basi kila siku. Mama akaniuliza katika basi mtu anamsindikiza mtu vipi. Akauza maksai mwekundu. Chakula hakikumsumbua. Kwa kuwa malazi yalihesabu kifungua kinywa tu na birika lipo, alifunga michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga za kukaanga, akasema wazungu wampe maji ya moto, mengine atajitegemea.

Nilimpeleka Malampaka kupanda treni ya kwenda Dar. Treni ilichelewa, na mkuu wa kituo akatuelekeza gesti ya jirani tukapumzike. Mama alimuuliza kama mwenye gesti analala humo. Hakujua. Tukakaa juu ya sanduku.

Alirudi baada ya wiki tatu, amenenepa, akisema ndege haina cha kusimulia. Kanisa kuu aliliona, ni kubwa, lina baridi. Alichosimulia ni benchi. Kila siku baada ya chai alimfuata Bibi, wakashinda pamoja, na jioni ikawa kazi. Siku ya kwanza Mama aliaga, na Bibi akachukua fimbo yake akasema kwa Kiswahili kile kile cha zahanati kwamba atamsindikiza. Wakafika benchi, wakapumzika, wakafika mlango wa gesti. Hapo Mama hakuweza kumwacha mzee arudi peke yake, akamsindikiza kurudi. Bibi naye mlangoni kwake akageuka. Walikwenda hivyo siku tisa, hatua kwa hatua, mpaka wahudumu wa nyumba ya wazee wakawa wanatoka kuwatafuta, na mwenye gesti akawa anawapelekea chai hapo kwenye benchi. Huyo naye aliionja michembe, akaomba nyingine.

"Na siku ya mwisho?" nilimuuliza.

"Siku ya mwisho nilimwambia yeye asinisindikize. Nilimpeleka mimi, mpaka kitandani. Nikamfunika. Nikamwambia, mayu, sasa nimekuaga." Akajifunga kanga vizuri. "Akasema wabeja. Asante yetu ya Kisukuma, hakuwa ameisahau."

Nililia, na Mama akaniambia nikalie nje, anataka kupumzika.

Jumapili iliyofuata aliombwa atoe neno kanisani kuhusu safari. Alisimama mbele ya umoja wa wanawake aliokuwa anauongoza, akasema, bila kupunguza sauti, kwamba huko Uingereza alilala gesti siku tisa na hajawahi kulala pazuri kuliko pale. Kuna waliokohoa. Alikaa chini akafungua kitabu cha nyimbo.

Baada ya ibada hakurudi nami nyumbani. Alichukua mfuko aliokuwa amekuja nao, ambamo mlikuwa na shuka mbili nyeupe alizopewa na yule mwenye nyumba wa kule, akaenda nyuma ya stendi na nguo zake za kanisani, saa saba mchana, watu wote wakimwona. Nikaenda kupika. Nilipotazama barabarani niliwaona wanakuja wote wawili polepole, yule mama anamsindikiza. Wakafika getini kwetu, wakasimama sana. Nikaanza kupakua ugali. Nilipotoka kumwita, Mama alikuwa ameshageuka, ameshika ule mfuko wake, sasa mtupu, anamrudisha mwenzake kwake.

Nikaufunika ugali. Ulipoa kabisa, na sikuwaita.